Kifungo cha Mwisho

Wakubwa wangu shikamooni, wengine habari za asubuhi.

Nimeombwa nieleze tiba kwa vitendo ni kitu gani. Nitaanza na ugali. Unamega tonge, unalifinyanga, unalibonyeza kwa kidole gumba lipate kishimo, unachota mchuzi, mkono unapanda mdomoni. Sisi tunakula huku tunapiga soga. Mtoto mwenye mtindio wa ubongo, vidole vimekakamaa, hapo ana kazi tano, na huenda nne anaziweza. Sisi wa tiba kwa vitendo tunaitafuta ile ya tano, inayomshinda.

Mara nyingi shida haiko hata mkononi. Mtazame amekaaje. Miguu ikining'inia, mwili unayumba, na mkono wa kulia chakula unageuka wa kujishikilia. Weka tofali au kigoda chini ya nyayo uone. Kijiko kikimponyoka, kata kandambili kuukuu, toboa, chomeka mpini humo: sasa una kijiko kinene. Bakuli likiteleza, tandika kitambaa kibichi chini yake.

Nilipoanza kazi hii niliwapangisha watoto shanga kwenye uzi, wiki baada ya wiki. Bibi mmoja akaniuliza, "Mwanangu, hizo shanga atakula?" Sikuwa na jibu. Tangu siku hiyo tunamenya karanga.

Sasa shati la shule, ambalo ndilo linalowaliza wengi. Anzeni mwisho. Funga vifungo vyote, kile cha mwisho kipitishe nusu kwenye tundu, yeye akivute tu. Akizoea, mwachie chote, kisha viwili, hivyo hivyo mkipanda. Ukimwanzisha cha kwanza atakwama cha pili, utamalizia wewe, na atakachojifunza ni kwamba mama humalizia. Akianzia mwisho, kila siku anayemaliza ni yeye. Na tafadhali, si asubuhi gari la shule likipiga honi! Jumamosi, mmetulia, shati likiwa limelazwa mapajani kwanza, maana kifungo cha kifuani hakionekani vizuri.

Najua mnaharakisha kwa huruma. Nami kwangu nafanya hivyo hivyo, msinione mtakatifu.

Hili hapa shati, na hizi soksi nene. Mama wa kiti cha mbele, njoo. Vaa soksi mikononi, kisha ufunge vifungo vyote vitano. Taratibu tu. Na ninyi wengine, kaeni, msimsaidie.