Baa ya Bibi Lola, Bretforton

Haya jamani, hamjambo huko nyumbani? Ngoja niingie ndani, upepo wa nje utawaharibia sauti.

Niko Bretforton, kijiji cha Worcestershire, Uingereza. Baa hii inaitwa The Fleece Inn. Zamani ilikuwa nyumba ya mkulima, imejengwa karne ya 15, watu na mifugo chini ya paa moja. Ilipofika mwaka 1848 ukoo wenyewe ukaanza kuuzia pombe humu humu. Oneni hizi mbao zilivyopinda! Mlangoni nimeinama kama naingia bandani.

Njooni hapa mekoni. Mnaiona miduara mitatu myeupe sakafuni? Ni kinga, wachawi wasishukie kwenye dohani. Bibi yangu angeielewa mara moja, asingehitaji mtu wa kumtafsiria.

Na zile sahani za bati kabatini, safu kwa safu, ni mali ya ukoo.

Lakini aliyenivuta mpaka huku ni Bibi Lola Taplin, wa mwisho wa ukoo huo kuishika baa. Alifariki mwaka 1977, ana miaka 83, humu humu ndani, mbele ya moto wake. Wosia alikuwa keshauandika: nyumba iende National Trust, shirika linalotunza majumba ya kale, na iendelee kuwa baa. Inasimuliwa kwamba alikataza hata krispi zisiuzwe. Mimi namwelewa. Kile ulichokitunza maisha yako yote, una haki ya kusema kitunzwe vipi.

Mwaka 2004 paa la nyasi lilishika moto. Wangeweza kuweka kitu cha kisasa wakamaliza. Wakaezeka nyasi tena. Na msimu wa asparagasi ukifika, mboga inayolimwa sana bonde hili la Evesham, mnada unafanyika hapa hapa baani.

Nimekaa na juisi yangu ya tufaha namfikiria babu. Aliondoka bila hata kikaratasi. Tukauza nyumba, tukagawana, kila mtu akapata kidogo, na leo pale pana fremu za maduka. Ule mwembe nao ulikatwa. Inaniuma mpaka sasa.

Mama, najua unaangalia. Lile kabati la bibi lililoko stoo, tafadhali asipewe fundi, wala lisiuzwe. Desemba nakuja, nalichukua mimi.