Picha Kwenye Kioo Bado Si Ushahidi

Mhadhara kwa mafundi vijana na wenye maduka, Ngamiani, Tanga

Assalaam alaykum. Bwana Yesu asifiwe. Wazee wangu, shikamooni. Vijana wa kazi, hamjambo. Muda wetu si mwingi, kwa hiyo naingia moja kwa moja.

Yapo maduka mengi hapa Ngamiani yenye kioo cha kamera za ulinzi juu ya kaunta, kinachoonyesha mlango, droo ya pesa na stoo. Mwenye duka akiinua macho anajiona mwenyewe, roho inatulia. Siku kufuli likikatwa, fundi anaitwa arudishe picha nyuma hadi usiku wa jana, na humo ndani hamna kitu. Diski ya kuhifadhia picha haikufomatiwa siku ya kwanza, yaani haikuandaliwa kupokea picha. Au ilifomatiwa, lakini ratiba ya kurekodi iliachwa tupu. Au kamera mbili kati ya nne zilikuwa zinakatika kila usiku na hakuna aliyejua, kwa kuwa mchana zilikuwa nzima. Mtu katoa pesa yake ya halali, kalala akijua analindwa, kumbe hana ulinzi. Jambo hili linaniuma, na ndilo lililonileta hapa. Kamera haijaungwa na rekoda, ile mashine ya kuhifadhi picha, mpaka uweze kurudisha nyuma ukaona yaliyopita. Picha ya sasa hivi haitoshi.

Tuelewane kwanza kuhusu kifaa chenyewe. Kamera za zamani, zile za waya mnene wa koaksia, zilileta picha tu, na mashine ya DVR ndiyo iliyobeba kazi ya kuibana, yaani kuipunguza ukubwa, na kuihifadhi. Kamera ya mtandao ni kompyuta ndogo yenye lenzi. Ya kwanza kuuzwa ilitoka Sweden mwaka 1996, kwa kampuni ya Axis ya mji wa Lund. Inachukua picha, inaibana yenyewe, kisha inaituma kama data. Rekoda yake, NVR, inapokea na kuandika kwenye diski. Basi ukichomeka waya umeanza tu. Hizo ni kompyuta mbili zinazotakiwa kupatana.

Waya nitaukalia kidogo, maana sisi tunaishi kando ya bahari. Waya wa mtandao una kikomo cha mita 100 kutoka kifaa hadi kifaa. Ukizidi hapo, weka swichi katikati, kile kisanduku kinachounganisha waya za mtandao. Hilo wengi mnalijua. Msilolizingatia ni kilichomo ndani ya waya. Sokoni kuna waya wa shaba tupu, na kuna wa aluminiamu iliyopakwa shaba juu, wa bei nafuu. Ukwangue kwa wembe: ukiona weupe chini ya ile rangi ya shaba, huo ni aluminiamu. Kwa kompyuta ya ofisini utafanya kazi. Kwa kamera inayokula umeme kupitia waya huohuo, utakusumbua.

Nieleze kwa nini. PoE ni umeme unaopita ndani ya waya wa mtandao. Kiwango chake cha kwanza, 802.3af cha mwaka 2003, kinatoa wati 15.4 kwenye swichi, na kile cha mwaka 2009, 802.3at, kinatoa wati 30. Mchana kamera inatumia umeme kidogo. Jua likizama, zile taa zake za kuonea gizani zinawaka, na matumizi yanapanda ghafla. Kama waya ni mrefu na ni wa aluminiamu, umeme umeshapotea njiani, haufiki wa kutosha. Kamera inazima. Ikizima, taa zinazima, mzigo unapungua, inawaka tena. Ikimaliza kuamka inawasha taa, inazima. Inafanya hivyo usiku kucha. Mteja anakupigia asubuhi, unafika saa nne, kamera nzima kabisa, unamwambia mambo safi. Fundi mwenye makini anarudi baada ya magharibi. Anasimama chini ya kamera, anasikiliza ile sauti ndogo ya kichujio cha ndani kikigonga, tiki, kisha kimya, kisha tiki tena. Hapo ugonjwa umejulikana, na dawa yake ni waya.

Halafu chumvi. Nyumba za Raskazone na zile zinazotazama bahari, fungua kile kiungo cha waya nje ya ukuta baada ya mwaka mmoja. Vipini vinane vya dhahabu kwenye kichwa cha waya, RJ45, vinakuwa na ukungu wa kijani, na viwili vitatu vimelika. Kamera huja na kikofia cha plastiki chenye mpira wa kuzuia maji, na nimekikuta mara nyingi kimeachwa ndani ya boksi. Kifungeni. Pakeni grisi ya umeme, kiungo kiingie kwenye boksi la ukutani, na waya uning'inie kidogo chini ya tundu kabla haujapanda, ili maji ya mvua yadondokee hapo yasifuate waya hadi ndani. Gharama yake ni ndogo mno ukilinganisha na kupanda ngazi tena.

Sasa anwani, ile namba inayotambulisha kila kifaa kwenye mtandao. Rekoda ziko za namna mbili. Zipo zenye matundu ya PoE mgongoni. Ukichomeka kamera humo, hasa ya kampuni ileile, rekoda inaipa anwani yenyewe kwenye mtandao wake wa ndani, na mara nyingi picha inatokea bila wewe kugusa kitu. Nyingine hazina matundu hayo. Kamera zinaingia kwenye swichi, swichi inaingia kwenye rekoda, na hapo kazi ya anwani ni yako.

Kamera nyingi za kampuni moja hutoka kiwandani na anwani moja. Za Dahua nyingi ni 192.168.1.108, za Hikvision nyingi ni 192.168.1.64. Ukizichomeka nne kwa pamoja, ni kama nyumba nne za Barabara ya Kumi zote ziandikwe namba moja, mleta barua atagonga hii leo na ile kesho. Picha itaruka kutoka kamera moja kwenda nyingine. Chomeka moja, ibadilishie anwani, iandike kwa kalamu ya wino usiofutika kwenye kamera yenyewe, ndipo uchomeke ya pili. Angalia pia rauta ya mteja, kile kifaa kinachomgawia intaneti. Kama inatoa anwani za 192.168.0 na kamera ziko kwenye 192.168.1, hazitaonana ng'o, hata waya uwe wa shaba safi. Na anwani utakazozipa kamera ziwe za kudumu, nje ya zile ambazo rauta inagawa ovyo kwa simu za wageni. La sivyo, umeme wa TANESCO ukikatika na kurudi, anwani zinahama na rekoda inaitafuta kamera pasipo.

Mama mmoja ameniuliza kabla hatujaanza. Ana kamera za kampuni tatu tofauti, alizinunua kidogo kidogo kila akipata, na anataka kujua kama zitakubali rekoda moja. Zitakubali, mama, kama zote zina ONVIF. Huo ni utaratibu wa mawasiliano ulioanzishwa mwaka 2008 na Axis, Bosch na Sony, ili kamera ya huyu isomwe na rekoda ya yule. Una vifungu vyake. Profaili S ni ya kuonyesha picha, T imeongeza mambo mapya pamoja na H.265, namna mpya ya kubana picha. Kwenye rekoda, fundi wako achague ONVIF badala ya jina la kampuni.

Vijana, hapo kuna mitego mitatu, na yote inawafanya mseme kamera mbovu wakati ni nzima.

Mtego wa kwanza, kamera nyingi za Hikvision za miaka ya karibuni hutoka na ONVIF ikiwa imezimwa. Unaingia ndani ya kamera kwa kompyuta, unaiwasha, kisha unaunda mtumiaji wa ONVIF mwenye nywila yake. Nywila ya msimamizi peke yake haitoshi.

Wa pili ni saa, na huu unawachanganya hata wakongwe. Katika ONVIF, rekoda ikijitambulisha kwa kamera hutuma nywila iliyochanganywa na wakati. Kamera ikiona wakati ule uko mbali na wake, inakataa. Unaandika nywila sahihi, inakuambia si sahihi, unaandika tena, inakufungia. Unaishia kuifuta kamera yote. Kumbe saa tu. Vifaa vingi vinakuja na saa za China, na China wametutangulia kwa saa tano. Weka UTC+3, yaani saa za Afrika Mashariki, kwenye rekoda na kwenye kila kamera kabla hujaanza kugombana na nywila.

Wa tatu, ubanaji. Kamera mpya inatuma H.265, rekoda ya zamani inajua H.264 tu, ile namna ya kubana iliyotangulia. Inaandika kwamba kamera imeungwa, lakini dirisha ni jeusi. Ingia kwenye kamera, rudisha H.264. Picha itakula nafasi zaidi, lakini itaonekana. Ikishindikana kabisa, rekoda nyingi hukubali kupewa moja kwa moja anwani ya mkondo wa picha kwa RTSP, utaratibu wa kupitisha picha mtandaoni, kwenye poti 554, yaani mlango wa mtandao wenye namba hiyo.

Kuhusu nafasi, hesabu ni rahisi na mteja anastahili kuisikia kabla hajanunua diski. Kamera inayotuma megabiti 4 kwa sekunde inajaza gigabaiti 43 na kidogo kwa siku. Kamera nne ni karibu gigabaiti 173. Diski ya terabaiti 2 inakupa siku 11 na ushee, kisha inaanza kufuta za nyuma. Mtu anayefunga duka kwenda kijijini Lushoto wiki mbili akirudi hatakuta siku aliyoondoka. Mwambieni hivyo, aamue mwenyewe. Wapo wanaopunguza kwa kurekodi pale tu kitu kinaposogea. Ndani ya stoo ni sawa. Nje, kwenye ua wenye minazi, upepo wa kusi ukivuma kila kuti ni mwizi, na diski inajaa makuti.

Nywila. Mwaka 2016 programu haribifu iitwayo Mirai ilizunguka duniani ikijaribu nywila za kiwandani kwenye kamera na rekoda zilizo wazi kwenye intaneti. Iliteka vifaa vingi mno, na tarehe 21 Oktoba mwaka huo vikatumika kuishambulia kampuni ya Dyn hadi tovuti kubwa za Marekani zikawa hazifikiki. Wenye kamera wengi hawakujua chochote. Kwa hiyo, jina na nywila za kiwandani kama admin na 12345 ziondoke siku ileile. Msifungue poti za rekoda kwenye rauta kwa ajili tu ya bosi kuangalia akiwa Dar. Na nywila kuu akabidhiwe mwenye mali, imeandikwa kwenye karatasi, mbele yako. Fundi anayebaki na ufunguo wa nyumba ya mtu, anaona chumba chake na saa anazotoka, amejipa haki asiyo nayo.

Hapohapo, sheria. Tunayo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, na sura ya mtu ni taarifa yake. Kamera inayotazama ua wa jirani, igeuzeni. Rekoda nyingi zina sehemu ya kuziba kipande cha picha. Itumieni.

Nije kwenye kukabidhi kazi, maana hapa ndipo wengi mnaharibu. Picha zikitokea zote nne, mnapiga picha ya kioo kwa simu, mnatuma kwenye grupu, mnachukua pesa, mnaondoka. Hapana. Fungua menyu ya diski uone imeandikwa ni nzima. Fungua ratiba, kila kamera, kila siku, iwe na rangi ya kuonyesha inarekodi. Zima umeme kwenye soketi, subiri, washa, hesabu kamera zinazorudi zenyewe. Rudi kesho yake. Mwambie mwenye duka achague saa yoyote ya usiku, na umtafutie picha hiyo kutoka kila kamera, akiwa amesimama hapo.

Na mfundishe kusoma saa ya rekoda. Kioo kikiandika 02:14, hiyo kwetu ni saa nane na dakika kumi na nne usiku. Ikiwa saa iliachwa ya China, tukio hilohilo litaandikwa 07:14, na mzee wa watu atamwambia askari kwamba wizi ulitokea saa moja asubuhi, wakati jirani zake wote walikuwa wanafagia barabarani na hawakuona kitu. Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015, kifungu cha 18, inairuhusu mahakama kupokea ushahidi wa kielektroniki, na inapoupima inaangalia ulivyotengenezwa na ulivyotunzwa. Saa isiyo sahihi inampa wakili wa upande wa pili kazi nyepesi. Tofauti ikiwa imeshatokea, msisahihishe saa kwanza. Andikeni kioo kinasema saa ngapi na simu inasema saa ngapi, toeni nakala kwenye flashi pamoja na programu yake ya kuonyeshea picha, ndipo mrekebishe. Na rekodi ya asili ibaki kwenye diski. Kama siku zinakwenda na diski itaifuta, ing'oeni, wekeni nyingine.

Rekoda iko hapa mezani, na kamera mbili za kampuni tofauti, moja nimeiacha na saa za China kwa makusudi. Vijana wawili waje mbele, mmoja ashike kompyuta. Mama mwenye kamera tatu, sogea na wewe, ukae karibu na kioo.