Mwanahisa Asiyeweza Kuondoka

Ndugu zangu, mwanahisa mdogo akichukizwa na kampuni huuza hisa zake, yakaisha. Mfuko mkubwa wa pensheni hauna mlango huo. Ukimwaga sokoni hisa zake zote kwa mkupuo, bei itaporomoka kabla haujamaliza kuuza. Na mifuko inayofuata fahirisi ya soko, yaani orodha ya kampuni inayopima mwenendo wa soko, hulazimika kushika hisa za kila kampuni iliyomo, iwe inaendeshwa vizuri au ovyo. Asiyeweza kuondoka hana budi kusema, na hapo ndipo nguvu ya hawa wakubwa inapoanzia.

Tazameni ExxonMobil, kampuni ya mafuta ya Marekani, Mei 2021. Kampuni ilikuwa imetoka kupata hasara ya zaidi ya dola bilioni 22 mwaka uliotangulia. Engine No. 1, mwekezaji mdogo mwenye takriban asilimia 0.02 tu ya hisa, akasimamisha wagombea wanne wa bodi, akidai kwamba wakurugenzi waliopo hawakuwa na uzoefu wa kutosha wa biashara ya nishati. Kwa kura zake mwenyewe asingepata hata kiti kimoja. Alipata vitatu kati ya kumi na viwili, kwa sababu mifuko ya pensheni ilimuunga mkono, kisha BlackRock, Vanguard na State Street, makampuni makubwa yanayosimamia fedha za wawekezaji, wakawapigia kura baadhi ya wagombea wake. Mdogo alileta hoja, wakubwa wakaleta kura.

Hata kura isiyo na nguvu ya kisheria huuma. Mwaka 2012, zaidi ya nusu ya kura za wanahisa wa Aviva, kampuni ya bima ya Uingereza, ziliikataa ripoti ya malipo ya viongozi. Ilikuwa kura ya ushauri tu. Siku chache baadaye mtendaji mkuu, Andrew Moss, akaachia ngazi.

Ninachokihofia mimi ni usingizi. Taasisi moja hushika hisa za maelfu ya kampuni, na wanaosoma ajenda ni wachache, hivyo baadhi hufuata tu ushauri wa ISS au Glass Lewis, kampuni zinazowashauri wanahisa jinsi ya kupiga kura. Ndiyo maana nausifu bila kusita mfuko wa taifa wa Norwei, wenye karibu asilimia 1.5 ya hisa zote zilizoorodheshwa duniani. Tangu 2021 hutangaza kura yake siku tano kabla ya mkutano mkuu. Mfuko huo ukipinga pendekezo la bodi, hueleza na sababu, na bodi huisoma ikiwa bado na muda wa kujibu.