Kisahani cha PSP

Karibuni, ndugu zangu. Kabla ya maneno naomba mnyamaze kidogo, niisogeze hii PSP, mashine ya gemu ya mkononi ya Sony, kwenye maikrofoni. Mmesikia? Huo mkwaruzo kama wa panya darini ni kisahani kinaanza kuzunguka. Leo nataka kuzungumzia hicho kisahani, maana kwa maoni yangu ndicho kilichoipandisha PSP chati, na ndicho kilichoizika.

Sony waliitoa Japani tarehe 12 Desemba 2004, siku 10 tu baada ya wapinzani wao Nintendo kuitoa mashine yao ya mkononi, DS, hukohuko. DS ilikuwa na vioo viwili vidogo na gemu zake zilikaa kwenye kadi. PSP ikaja na kioo kimoja kipana cha inchi 4.3, na kisahani kiitwacho UMD, kipenyo chake milimita 60, kinabeba GB 1.8. Kadi za DS za mwanzo hazikufika hata sehemu ya kumi ya hapo. Ndiyo maana mtu akiishika PSP aliona kama amebeba PlayStation 2 mkononi. Ken Kutaragi, baba wa PlayStation, aliiita Walkman ya karne ya 21, akiifananisha na kile kicheza kaseti cha Sony kilichotamba zamani. Mzee yule hakuwa bahili wa sifa.

Lakini kisahani hakizunguki bure. Kinataka mota, na mota inakula chaji. Ukicheza gemu, saa 4 hadi 6 betri imekwisha. Tena kinasoma polepole, unakaa unakodolea macho kioo mpaka hamu inakutoka. Sony waliuza hata sinema kwenye UMD, ila nani anunue filamu ambayo hawezi kuitia kwenye deki ya nyumbani? Kufikia 2006 studio za Marekani zilishaanza kujitoa.

Hapa penye uhondo niacheni nikae kidogo. Wachakachuaji waligundua kwamba gemu ikihamishiwa kwenye memori kadi, inafunguka haraka na chaji inadumu zaidi. Mnaona balaa? Gemu ya wizi ilikuwa nzuri kuliko ya kununua! Sony wakaziba tundu kwa kila toleo jipya la programu, nao wakatoboa jingine. Kubwa kuliko yote lilikuwa betri ya Pandora, mwaka 2007. Betri ya PSP ina chipu yenye namba ya utambulisho. Ukibadilisha namba hiyo, au ukaifungua betri na kukata mguu mmoja wa chipu, mashine inadhani imefika kwa fundi wa kiwandani na inakubali kuwashwa kutoka kwenye memori kadi. Mguu mmoja tu, mwembamba kama unywele!

Japani mambo yalikuwa tofauti. Huko gemu ya Monster Hunter iliwakutanisha watu wanne wanne, kila mmoja na PSP yake, wakiwinda pamoja bila intaneti. Toleo la Desemba 2010 lilipita nakala milioni 4. Kwingineko simu zilishabisha hodi. App Store, duka la programu na gemu za iPhone, ilifunguliwa Julai 2008.

Sony walijaribu kuachana na kisahani. PSP Go ya 2009 haikuwa nacho kabisa, na bei yake Marekani ilikuwa karibu dola 250 wakati PSP ya kawaida ilishashuka hadi 170. Sasa mteja mwenye rafu nzima ya UMD azipeleke wapi? Hakununua. Kufikia mwisho wa 2014 Sony walikuwa wameacha kusambaza PSP, zikiwa zimeuzwa takribani milioni 80. Si haba, ingawa DS ilipita milioni 154.

Wengi wenu humu hamjawahi kuishika PSP, lakini mmeicheza. Nyoosheni mikono wenye PPSSPP, ile programu inayoiga PSP, kwenye simu. Haya, ukumbi mzima! Henrik Rydgård wa Sweden aliitoa programu hiyo Novemba 2012, nasi huku tukaipokea kama mgeni wa siku nyingi. Simu ya bei ya chini, faili la gemu ya mpira, vijana wawili kwenye benchi wanagombea zamu.

Ukirudi nyumbani ingia kwenye mipangilio yake. Utakuta sehemu ya kuiga ucheleweshaji wa UMD. Zipo gemu zilizozoea kusubiri kisahani. Data ikifika haraka mno zinakwama. Kwa hiyo simu isiyo na mota wala kisahani inabidi ijifanye inacho, na ijifanye kinazunguka polepole.