Kalenda ya 1918: Jeshi la Ujerumani Lilishindwa Lini?

Ndugu wasikilizaji, baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia wapo waliodai kwamba jeshi la Ujerumani halikushindwa vitani, bali lilisalitiwa na wanamapinduzi nyumbani. Tuupime usemi huo; leo nawaomba mshike tarehe mbili tu: 29 Septemba na 29 Oktoba, mwaka 1918.

Ile ya kwanza, Hindenburg na Ludendorff, majenerali waliokuwa wakiviendesha vita, walimweleza Kaisari Wilhelm wa Pili kule Spa, Ubelgiji, kwamba jeshi limeelemewa, na kwamba vita visitishwe upesi. Berlin ilikuwa shwari. Kaisari alikuwa bado kwenye kiti chake. Likumbukeni hilo.

Mwezi mmodi baadaye, serikali ikiwa tayari inaandikiana na Rais Wilson wa Marekani kutafuta amani, wakuu wa jeshi la majini walikusanya manowari karibu na Wilhelmshaven. Walitaka kwenda kupigana na Waingereza pambano la mwisho, na serikali yao wenyewe hawakuiambia. Mabaharia wakang'amua kwamba wanapelekwa kufa kwa ajili ya heshima ya maofisa. Usiku wa tarehe 29 kuamkia 30, kwenye manowari Thüringen na Helgoland, wachochea makaa waliutoa moto kwenye matanuri. Manowari ya tani zaidi ya 20,000 bila mvuke haiendi popote. Boti za torpedo zikaja kuwaelekezea silaha, na mamia wakakamatwa. Lakini safari ilikufa pale pale.

Hawakuwa watu wa kukurupuka. Walijua kwamba mwaka uliotangulia wenzao wawili, Max Reichpietsch na Albin Köbis, walipigwa risasi kwa kuongoza mgomo melini. Walijua, na bado wakauzima moto. Mimi nawaheshimu sana kwa hilo.

Yaliyofuata yalikwenda mbio. Novemba 3, mjini Kiel, umati ulioandamana kudai wafungwa waachiwe ulimiminiwa risasi. Kesho yake mji ukawa mikononi mwa mabaraza ya askari na wafanyakazi. Novemba 9 jamhuri ikatangazwa Berlin, na Kaisari akakimbilia Uholanzi.

Sasa tazameni nani alitumwa kutia saini mkataba wa kusitisha vita Novemba 11. Aliyeongoza ujumbe alikuwa raia, mbunge Matthias Erzberger. Majenerali waliolilia amani Septemba walikaa pembeni. Mwaka 1919 Hindenburg akasimama mbele ya kamati ya bunge akasema jeshi lilichomwa kisu mgongoni, yaani lilisalitiwa nyumbani. Ule ulikuwa uongo, na kalenda yake mwenyewe inamsuta.

Huku kwetu Afrika Mashariki, Lettow-Vorbeck, kamanda wa jeshi la Ujerumani, na askari wake Waafrika waliweka silaha chini Novemba 25 huko Abercorn, leo Mbala, Zambia. Machi 1919 alipita kwenye lango la Brandenburg akishangiliwa kama kamanda asiyeshindwa, na shangwe hizo zikaunenepesha uongo ule ule. Mwaka uliofuata aliunga mkono jaribio la mwanasiasa Kapp la kuipindua jamhuri.

Erzberger aliuawa kwa risasi Agosti 1921, akiwa matembezini katika Msitu Mweusi. Wauaji wakatorokea nje ya nchi.

Karibuni kwa maswali.