Dola 100 za leo, dola 61 za kesho: somo la deni la Zambia

Ndugu zangu, habari za jioni. Zambia, jirani yetu anayepitisha shaba yake katika bandari hii ya Dar es Salaam, alishindwa kulipa riba ya hatifungani (hati za mkopo ambazo serikali huwauzia wawekezaji), dola milioni 42.5, Novemba 2020. Wenye hatifungani alimalizana nao Juni 2024. Kwa nini ichukue miaka mitatu na nusu?

Wengi hujibu haraka: China. Jibu jepesi mno hilo. China na Ufaransa ziliongoza pamoja kamati ya serikali zinazodai. Tatizo kubwa liko kwenye kanuni yenyewe.

Chini ya Mfumo wa Pamoja wa G20, yaani utaratibu wa kundi la nchi zenye uchumi mkubwa wa kupanga upya madeni ya nchi maskini, nchi inaomba, IMF (Shirika la Fedha la Kimataifa) na Benki ya Dunia wanapima uhimilivu wa deni, yaani uwezo wa nchi kulibeba, serikali zinazodai zinaahidi kulegeza, ndipo Bodi ya IMF inapitisha mkopo. Wa Zambia, dola bilioni 1.3, ulipita Agosti 2022. Masharti ya serikali zinazodai, kwa deni la dola bilioni 6.3, yalikubaliwa Paris Juni 2023. Baada ya hapo mdaiwa anawaendea wadai binafsi, huku amefungwa na sharti moja: wasipate masharti bora kuliko serikali zinazodai, yaani nao watoe nafuu inayolingana.

Nafuu hiyo inapimwaje? Huangaliwa malipo yanayopungua katika kipindi cha programu, muda unaoongezwa, na thamani ya sasa ya deni. Hicho cha mwisho ndicho chenye ugomvi. Shikeni kalamu. Dola 100 za kulipwa leo zinasogezwa mbele miaka 10, bila riba. Kokotoa thamani yake ya leo kana kwamba pesa huzaa asilimia 5 kwa mwaka, kiwango wanachotumia IMF na Benki ya Dunia kwa nchi za kipato cha chini: unapata kama dola 61. Kokotoa kwa asilimia 10: kama dola 39. Mkataba ni ule ule, ila kwa hesabu ya kwanza mdai amesamehe 39, kwa ya pili 61. Mwenye hatifungani ataipenda ya pili, maana inamwonyesha ameumia sana.

Novemba 2023 serikali zilikataa mapatano ambayo Zambia ilishafikia na wenye hatifungani, zikisema hayalingani na walichotoa wao. Mazungumzo yakaanza upya, na malimbikizo ya riba hayakusubiri mtu.

Mapatano ya mwisho nayo yasomeni kwa makini. Hatifungani mpya ni mbili. Moja ina riba ya nusu asilimia tu, lakini uchumi ukipita makadirio, riba inapanda na muda wa kulipa unafupishwa. Miongoni mwa vipimo vya kupita huko ni mauzo ya nje, yakihesabiwa kwa dola. Na Zambia inauza nje shaba kuliko kitu kingine chochote, kwa bei inayopangwa London, si Lusaka.