Hiki ni nini? Kazi ya kukipa kitu jina forodhani

Shikamooni wakubwa mlioketi mbele. Wanangu, hamjambo? Asanteni.

Aliyenialika nadhani alitegemea nizungumzie magendo, mbwa wa kunusa na majahazi ya usiku. Hayo wapo wenzangu wanaoyajua vizuri. Mimi sehemu kubwa ya miaka yangu forodhani nimeikalia kiti, ankara mkono mmoja, bidhaa mkono wa pili, najiuliza swali la mtoto wa chekechea: hiki ni nini? Kwa hiyo leo nimekuja na mfuko.

(Anatoa ndala moja ya bluu.)

Hiki ni nini? Ndala. Nimesikia kandambili pia. Na huko nyuma kuna mtu kasema patipati, huyo bila shaka ni wa Mombasa, karibu sana. Mnaona mambo? Ukumbi mmoja, lugha moja, tayari tuna majina matatu. Sasa mwenye mzigo yuko Kariakoo, aliyemuuzia yuko Guangzhou, na ankara imeandikwa na kijana ambaye hajui lugha ya huyu wala ya yule. Ndiyo maana dunia ina mfumo mmoja wa kuzitambua bidhaa kwa namba, unaosimamiwa na Shirika la Forodha Duniani na ulioanza kutumika mwaka 1988. Una sura 97, ila Sura ya 77 ni tupu, imeachwa makusudi kwa matumizi ya baadaye. Ndala ni 6402.20. Ukienda hapo hukuti neno ndala. Unakuta kiatu cha mpira au plastiki ambacho mikanda yake ya juu imeshikizwa kwenye soli kwa vizibo. Vizibo! Kile kidude kinachochomoka unapokimbilia daladala, ukakitia msumari upande wa chini. Watu wazima wenye suti walikaa kikao wakakubaliana juu ya kile kidude.

Mnacheka, lakini jina ni pesa. Haikuwa hivyo siku zote. Neno ushuru lenyewe lina asili ya Kiarabu, linatokana na fungu la kumi. Zanzibar ya Sayyid Said, kwa mkataba wa mwaka 1833 na Wamarekani, bidhaa zao zilizoshushwa zilitozwa asilimia 5. Forodha ilikuwa imekodishwa kwa mfanyabiashara wa Kihindi, Jairam Shivji, aliyemlipa Sultani kiasi cha mwaka kisha akakusanya mwenyewe. Kama kiwango ni kimoja, iwe kitambaa cha marekani, iwe baruti, hakuna haja ya mtu kama mimi. Kinachotakiwa ni anayejua kuhesabu, na mlinzi.

Leo Afrika Mashariki ina ngazi. Tulianza Umoja wa Forodha mwaka 2005 na asilimia 0, 10 na 25, na Julai 2022 ikaongezwa ya 35. Chukueni mzigo wa shilingi milioni 100 ulioingia Tanzania. Weka pembeni tozo nyingine ndogondogo, piga ushuru wa forodha na VAT ya asilimia 18 tu, mkikumbuka kwamba VAT inapigwa juu ya thamani pamoja na ushuru. Ukiitwa jina la asilimia 0, unalipa milioni 18. La 10, milioni 29.8. La 25, milioni 47.5. La 35, milioni 59.3. Kontena ni lilelile, lakiri haijakatwa. Kilichobadilika ni tarakimu kwenye kadhia ya wakala, yaani hati anayotamkia mzigo.

Marekani, ambako kazi hii ina cheo chake kamili ndani ya idara ya forodha, ubishi wa namna hii hufika hadi mahakamani. Mwaka 2003 mahakama yao ya biashara ya kimataifa iliamua kesi ya vikaragosi vya X-Men, wale mashujaa wa katuni wenye nguvu zisizo za kawaida. Mwanasesere ni mfano wa binadamu, ushuru wake ulikuwa asilimia 12. Kichezeo cha kiumbe kisicho binadamu, asilimia 6.8. Basi mawakili wakasimama mbele ya jaji kubishana kama Wolverine, mmoja wao, ni mtu. Jaji akasema si mtu. Kampuni iliyojenga jina lake kwa kuwaambia watoto kwamba hawa nao ni watu ikafurahi kushinda. Baadaye, katika toleo la 2007 la ule mfumo wa namba, wanasesere na vichezeo vingine wakawekwa pamoja chini ya 9503, ubishi ukaisha.

Turudi nyumbani. (Anatoa shati lililokunjwa.) Mtumba. Wengi mnadhani mtumba ni nguo ya bei poa. Kwenye kitabu cha namba za forodha, mtumba wa 6309 una masharti mawili: nguo ionyeshe wazi kwamba imevaliwa, na iletwe kwa wingi, kwenye marobota, magunia au vifungashio vya aina hiyo. Shati moja zuri ulilotumiwa na dada yako aliyeko London, kwenye bahasha, si mtumba kwa maana hiyo hata kama limevaliwa miaka mitatu. Na robota likifunguliwa ndani yake mkawa na mashati mapya, nayo si mtumba hata kama yamefungwa waya na kuandikwa mtumba pande zote nne.

Kwa nini mtu ahangaike kuficha mashati mapya kwenye robota? Kwa sababu mtumba una kiwango cha ushuru kinachohesabiwa kwa kilo, wakati shati jipya linatozwa kwa thamani yake. Sasa wewe umesimama kwenye bandari kavu, saa nane mchana, bati linawaka, robota limepasuliwa, na unatakiwa useme shati limevaliwa au halijavaliwa. Unafanyaje? Usitazame lebo, lebo inakatwa. Tazama ndani ya kola, mahali shingo inapogusa. Tazama kwapa. Tazama matundu ya vifungo, maana tundu ambalo halijawahi kupitisha kifungo lina nyuzi zake zote. Mzee mmoja aliyenifundisha alikuwa ananusa. Nilimwona mshamba, hadi siku aliponitolea mashati kumi na mawili kwenye rundo, akiwa amefumba macho. Na ukitaka kujua kama ni pamba, chomoa uzi, uwashe: pamba inanuka karatasi na kuacha jivu, poliesta inayeyuka na kufanya kidonge kigumu. Maabara tunayo, lakini kiberiti kiko mfukoni.

Sasa niwaambie lililonikosesha usingizi. Nikiwa bado mgeni, iliingia shehena ya mashine za kukamulia miwa. Mnazijua, zile za magurudumu ya chuma, zipo kila kona na ndimu na tangawizi pembeni. Mwenye mzigo aliziandika mashine za kutengenezea vinywaji, 8435. Mashine za uzalishaji za aina hiyo nyingi huingia bila ushuru wa forodha. Mimi nikasema hapana, hiki ni kikamulio cha juisi, 8509, asilimia 25. Nikaandika kwa kalamu nzito. Mwezi ulikuwa unaisha, lengo la makusanyo lilikuwa bado halijafikiwa, na bosi wangu alinipongeza.

Yule baba hakupiga kelele. Sheria ya forodha ya Jumuiya ya Afrika Mashariki inampa mtu siku 30 kuomba uamuzi upitiwe upya, naye akazitumia. Hakuja na wakili, alikuja na kitabu kilekile changu, kakibandika karatasi ya njano. 8509 inahusu vifaa vya nyumbani. Ni neno moja tu, la nyumbani. Akaniuliza kwa adabu kabisa: "Dada, wewe nyumbani kwako jikoni una mashine ya kilo sitini yenye magurudumu ya chuma?"

Nilishindwa, na nilistahili. Lakini kilichoniuma ni kwamba lile neno nilikuwa nimeliona. Nililisoma, nikalipita, kwa sababu upande wa pili kulikuwa na milioni kadhaa za serikali. Yule anayeita mashati mapya mtumba na mimi niliyeita mashine blenda tulikuwa tunafanya kitu kimoja. Tofauti ni kwamba mimi nilipongezwa.

Tangu hapo nina tabia: naandika jina kwanza kwenye karatasi, bila kufungua safu ya viwango. Vijana niliokuwa nao ofisini walikuwa wananicheka. Wawili kati yao sasa wanafanya hivyo.

Muda umeisha? Basi cha mwisho. (Anatoa doti ya kanga, haijakatwa.) Zile tarakimu sita za dunia hazina jina la hiki. Ila jumuiya yetu inaongeza tarakimu mbili zake, na humo, 5208.51.10, yameandikwa majina yetu: kanga, kikoi, kitenge. Ni bidhaa nyeti, iliyowekwa juu ya zile ngazi zote nne: asilimia 50. Ipo Sura ya 52, pamoja na vitambaa vya pamba.

Ndiyo, dada, uliza. Ikishapindwa je?

Swali zuri. Ikipindwa imekuwa bidhaa iliyoshonwa, Sura ya 52 haimo tena. Imekwenda wapi, sikwambii. Kanga ichukue, kapinde, kitabu kiko maktaba. Alhamisi uniletee namba, na usitazame kwanza safu ya asilimia.